Ukoka Mdogo na Ukoka Mkubwa: Chimba Kwanza, Panda Baadaye



Mvua inapokaribia, iwe ni ile ya Machi au ya Oktoba, vikundi vingi huanza kutafuta nyasi ya kupanda. Kikundi kimoja kimemaliza kuchimba matuta ya fanya juu na kinataka kushikilia udongo usirudi mtaroni. Kingine kina silanga mpya, na ukuta wake bado ni udongo mtupu. Kingine kimepata ng'ombe wa maziwa na kinatafuta malisho ya karibu. Wote hutumana hivi: "Nendeni mlete ukoka." Na wale waliotumwa huleta ukoka wa kwanza watakaouona kando ya barabara.

Hapo ndipo taabu huanzia. Ukoka si mmoja. Kuna nyasi mbili zinazofanana kama watoto wa mama mmoja. Zote mbili zinatambaa, zote mbili zinashika udongo, na zote mbili huliwa na ng'ombe. Lakini moja unaweza kuiondoa kwa panga na jembe siku ukitaka. Ile nyingine ikiingia shambani, si mchezo: utaipalilia wewe, na watoto wako wataipalilia. Tofauti kubwa iko chini ya ardhi, mahali ambapo macho hayafiki. Kwa hiyo katika makala hii tutaangalia mambo mawili: jinsi ya kuzitambua, na kila moja ipandwe wapi.

MAJINA YAKE

Ya kwanza tutaiita ukoka mdogo. Jina lake la kitaalamu ni Cynodon dactylon. Neno la kwanza ni la Kigiriki, na maana yake ni jino la mbwa. Ukiona machipukizi yake meupe yenye ncha kali ndani ya udongo, utakubali kwamba jina linafaa. Neno la pili linatokana na kidole, kwa sababu kichwa chake cha maua kinafanana na vidole vilivyotandazwa. Ukoka huu umeenea karibu nchi zote za joto duniani. Hapa kwetu unaupata kwenye viwanja vya mpira, kando ya njia, na kwa bahati mbaya, katikati ya mahindi.

Ya pili tutaiita ukoka mkubwa. Jina lake la kitaalamu ni Cynodon nlemfuensis, na maafisa wa mifugo huiita nyasi ya nyota. Nlemfu ni mahali huko Kongo. Padri mmisionari aitwaye Vanderyst, ambaye alichunguza sana mimea ya nchi hiyo, ndiye aliyeiandika kwa jina hilo mwaka 1922. Hii ni nyasi ya Afrika hasa. Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Kongo ni kwao.

Usimcheke mtu akizichanganya. Hata vitabu vya kilimo vilizichanganya kwa miaka mingi. Ilifika mwaka 1970 ndipo wataalamu wawili, Clayton na Harlan, walipochapisha kazi iliyopanga vizuri jamii hii ya nyasi katika Afrika ya joto. Na sisi huku nyumbani mara nyingi tuna jina moja tu kwa zote mbili. Kwa hiyo kumuuliza mtu, "Hii inaitwaje?" hakutoshi. Ni lazima uiangalie mwenyewe.

JINSI YA KUZITAMBUA

Chukua jembe la meno na panga. Enda mahali ambapo nyasi imekaa zaidi ya mwaka mmoja, si mahali ilipoanza juzi. Halafu fuata hatua hizi:

1. Chimba. Hii ndiyo hatua ya maana kuliko zote. Inua bonge la udongo, likung'ute polepole. Ukoka mdogo una mashina meupe au ya rangi ya maziwa yanayotembea ndani ya udongo. Ni magumu, yana vifundo, yamefunikwa na magamba, na ncha zake zinachoma kidole. Usiyachanganye na mizizi, kwa maana mizizi ni miembamba na haina vifundo. Ukoka mkubwa hauna mashina hayo ya chini. Utapata mizizi tu, inayoshuka kutoka kwenye vifundo vya juu.

2. Angalia kamba zake. Zote mbili hutoa kamba zinazotambaa juu ya ardhi na kuota mizizi kila kifundo kinapogusa udongo wenye unyevu. Kamba za ukoka mkubwa ni nene na ndefu, na hulala chapa juu ya ardhi. Za ukoka mdogo kwa kawaida ni nyembamba zaidi, na zimesukana kama mkeka.

3. Angalia kimo na majani. Ukoka mdogo ni mfupi, na majani yake ni membamba. Ukoka mkubwa ukiachwa bila kulishwa husimama mpaka magotini, na majani yake ni mapana na laini zaidi. Lakini jihadhari: ukoka mkubwa uliolishwa sana na mbuzi huwa mfupi, na ukoka mdogo uliopata samadi na maji hurefuka. Kimo peke yake kinaweza kukudanganya.

4. Angalia vidole vya maua. Ukoka mdogo kwa kawaida una vidole 3 hadi 6, vyenye urefu wa sentimita 2 hadi 6. Ukoka mkubwa mara nyingi una vidole 4 hadi 9, wakati mwingine zaidi, na ni virefu na vyembamba, sentimita 4 hadi 10. Pengine huwa na rangi nyekundu au ya zambarau. Unaona kwamba hesabu zinagongana hapo kwenye 4, 5 na 6. Ndiyo maana nasema chimba kwanza.

Yuko pia dada wa tatu, ambaye hupatikana sana Bonde la Ufa na kwenye maboma ya zamani yaliyohamwa. Huyu ni Cynodon plectostachyus. Yeye pia hana mashina ya chini. Utamjua kwa vidole vyake vingi vilivyopangwa kwa ghorofa, duara moja juu ya nyingine. Wale wawili wengine kwa kawaida wana duara moja tu.

Kama bado mna mashaka, pandeni kipande kwenye karai kuukuu lenye udongo, mlinyweshe msimu mzima, kisha mlimwage. Mkikuta mashina meupe yenye ncha yamezunguka ndani, jibu mmelipata.

KWA NINI MASHINA YA CHINI NI JAMBO KUBWA

Shina la chini ni ghala. Nyasi hujiwekea chakula humo. Ukikata majani, ghala liko. Ng'ombe wakila mpaka udongo uonekane, ghala liko. Moto ukipita na kiangazi kikiwa kirefu, juu panakuwa peupe lakini chini kuna uhai. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila kifundo kinaweza kutoa mmea mpya.

Sasa fikiria mkulima anapoingia na plau ya ng'ombe wakati udongo umelowa. Plau inakata shina moja vipande kumi, na kuvisambaza shamba zima. Badala ya kuua nyasi, ameipanda. Mashina mengi huwa katika sentimita 15 za juu, lakini kwenye udongo wa mchanga hushuka zaidi ya hapo, na jembe la kawaida haliyafikii.

Ukoka mkubwa ni tofauti. Ghala lake liko juu, kwenye kamba zinazoonekana. Ukilima na kuugeuza wakati wa jua, ukakusanya kamba, umekwisha kwa sehemu kubwa. Ukitambaa kuelekea kwenye mahindi, unaukata kwa panga na kumpa ng'ombe.

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 20 kinafanya kazi siku 3 kupanda ukoka kwenye kingo za matuta. Hizo ni siku 60 za kazi. Kama walileta ukoka mkubwa, kazi inayobaki ni kukata kamba kila wanapopalilia. Kama walileta ukoka mdogo, basi baada ya misimu michache kingo zimeshika vizuri kabisa na kila mtu anasifu, lakini nyasi imekwisha kupita chini kwa chini mpaka kwenye mistari ya mahindi. Kupalilia mara mbili kunakuwa mara nne. Na tuseme ukweli, mzigo huo huwaangukia akina mama na watoto, mara nyingi Jumamosi ambapo mtoto angepaswa kupumzika au kusoma. Mwisho mwenye shamba anabomoa tuta ili aondoe nyasi, na udongo unarudi mtoni. Siku 60 zimepotea.

KILA NYASI NA MAHALI PAKE

Msije mkafikiri kwamba ukoka mdogo ni adui. Mungu hakuumba nyasi ya bure. Ule ugumu unaotuchosha shambani ndio tunaoutaka mahali pengine.

Ukoka mdogo unafaa:
- kwenye ukuta wa silanga na njia ya kupitishia maji yaliyozidi, kwa sababu husukana kama mkeka na maji yenye nguvu hayaung'oi kwa urahisi;
- kwenye makorongo yaliyo mbali na mashamba;
- kwenye viwanja vya shule na vya kanisa vinavyokanyagwa kila siku;
- mahali penye chumvi kidogo, ambapo nyasi nyingine zinakataa.

Ukoka mkubwa unafaa:
- kwenye kingo za matuta zilizo karibu na mazao, mradi kamba zikatwe kila msimu;
- kwenye malisho ya ng'ombe yaliyozungushiwa ua, maana unatoa majani mengi na unapenda sana samadi;
- kwenye eneo lililochakaa ambalo mnataka lifunikwe haraka, kama mnaweza kuzuia mifugo kwa msimu mmoja.

Zote mbili hazipendi kivuli. Usizipande chini ya miembe ukategemea zitashika. Na mahali penye baridi kali ya umande unaoganda, ukoka mkubwa huumia zaidi.

Kumbukeni kwamba maji ya silanga likijaa hubeba vipande vya nyasi. Shamba la jirani likiwa chini ya njia ya maji, ukoka mdogo wa kikundi utafika kwake bila kualikwa. Ugomvi wa namna hii unaweza kuvunja kikundi kuliko ugomvi wa pesa, kwa sababu mtu anaona madhara kila anaposhika jembe. Kaeni na jirani kabla ya kupanda. Acheni mkanda wa ardhi unaolimwa kati ya nyasi na shamba lake, na muandike kwenye kitabu cha kumbukumbu nani atausafisha na lini.

NYASI YETU ILIYOVUKA BAHARI

Wengine wetu hudharau nyasi ya kando ya njia na kutamani mbegu za ng'ambo. Sikilizeni hii. Watafiti wa Marekani katika mji wa Tifton, jimbo la Georgia, walichukua ukoka mkubwa kutoka Kenya na kuuzalisha na ule mdogo wa kwao. Mwaka 1967 walitoa nyasi iliyoitwa Coastcross-1, ambayo mzazi wake mmoja alitoka hapa kwetu. Mwaka 1992 wakatoa nyingine, Tifton 85, mtoto wa ukoka mdogo wa Afrika Kusini na ukoka mkubwa. Leo nyasi hizo hulisha ng'ombe wengi katika nchi za joto za Amerika. Kwa hiyo kile unachokanyaga ukienda sokoni si takataka.

Lakini kuna somo la pili katika habari hiyo. Mwaka 2012, karibu na Elgin katika jimbo la Texas, ng'ombe 18 walifunguliwa kwenye malisho ya Tifton 85. Kulikuwa na ukame, kisha mvua kidogo, na nyasi ilikuwa imechipuka upya. Ng'ombe 15 kati ya hao walikufa. Vipimo vilionyesha sumu ya sayanaidi ndani ya nyasi.

Sumu hiyo si ngeni kwetu. Ndiyo iliyomo ndani ya muhogo mchungu na mtama mchanga. Katika ndugu hawa wawili, ukoka mkubwa ndio wa kuangaliwa zaidi. Vifo vya namna ile ni nadra, na sisemi muogope nyasi. Nasema mfuate utaratibu huu:

- Baada ya kiangazi, msifungulie ng'ombe wenye njaa kwenye ukoka unaochipuka. Ngojeni ukomae kwa wiki nne hivi.
- Walisheni kwanza nyasi kavu au mabua ili wasiingie na tumbo tupu.
- Jihadharini zaidi na nyasi iliyowekewa mbolea nyingi kisha ikanyauka kwa jua.
- Nyasi iliyokatwa na kukaushwa vizuri kabisa ina hatari ndogo zaidi.
- Ng'ombe akianza kuhema haraka, kuyumba na kuanguka muda mfupi baada ya kula, ondoeni wengine mara moja na muite daktari wa mifugo. Msingoje kesho.

JINSI YA KUPANDA

Ukoka mkubwa hauzai mbegu nyingi za kutegemewa. Hupandwa kwa vipande vya kamba. Fanyeni hivi:

1. Chagueni mahali mlipochimba mkahakikisha hakuna mashina ya chini. Kateni kamba zilizokomaa, na kila kipande kiwe na vifundo 3 au 4.
2. Chagueni kipande kwa kipande. Kipande kimoja tu cha ukoka mdogo kikiingia ndani ya gunia kinaweza kuharibu kazi yote.
3. Funikeni vipande kwa majani mabichi au gunia lenye maji, na mpande siku hiyo hiyo kama inawezekana.
4. Ngojeni udongo ulowe vizuri. Zikeni vifundo viwili au vitatu, ncha ibaki nje, na mkanyage udongo kidogo kwa mguu.
5. Acheni nafasi ya nusu mita hadi mita moja. Kwenye mteremko mkali au ukuta wa silanga karibisheni zaidi.
6. Zuieni mifugo mpaka nyasi ifunike ardhi. Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Nyasi hupandwa na watu 20, halafu hulishwa na mbuzi wa mtu mmoja.

Ukoka mdogo wa ukuta wa silanga hupandwa kwa njia hiyo hiyo, au kwa kuhamisha mabonge pamoja na udongo wake. Lakini majembe na magunia yaliyotumika yasafishwe palepale, kabla ya kurudi mashambani.

KAMA UKOKA MDOGO UMEKWISHA INGIA

Usikate tamaa, lakini pia usitegemee siku moja. Fanya kazi hii wakati wa kiangazi. Chimba kwa jembe la meno, usikate kwa jembe la bapa. Vuta mashina yote, kung'uta udongo, na uyaanike juani siku kadhaa mpaka yavunjike kama kijiti kikavu. Usiyatupe kwenye shimo la mbolea yakiwa mabichi. Samadi nayo iachwe ioze vizuri, kwa maana ukoka mdogo huzaa mbegu ndogo ndogo, na ng'ombe anaweza kuzileta shambani kupitia mavi yake.

Msimu unaofuata, tumia kivuli. Panda njahi, kunde, maboga au viazi vitamu kwa kukaribiana, vifunike ardhi yote. Nyasi ikikosa jua, ghala lake la chini huanza kuisha. Rudia msimu wa pili. Wako wanaotumia dawa ya kuua magugu. Hiyo fanyeni pamoja na afisa wa kilimo wa wadi yenu, na isipigwe kamwe karibu na maji ya kunywa.

Na kama hata baada ya kuchimba mnabishana, chukueni mmea mzima wenye mizizi, kamba na maua, mkaushe katikati ya magazeti, na mwombe afisa awasaidie kuufikisha kwenye hifadhi ya mimea iliyo Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kazi yao ni kutambua mimea.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ukoka uko wapi? Tumechimba tukaona ni upi?
2. Nyasi tunayotaka kupanda msimu huu ni ya kazi gani: kushika udongo, kulisha ng'ombe, au zote mbili?
3. Nani analima chini ya silanga letu? Tumeongea naye?
4. Kupalilia kukiongezeka kwa sababu ya uamuzi wetu, ni nani atakayefanya kazi hiyo? Je, alikuwepo kwenye mkutano?
5. Mbuzi wakiingia kwenye nyasi changa, kikundi kitafanya nini, na kimeandikwa wapi?

Swali la nne lianze kujibiwa na akina mama, wazee wakisikiliza. Kisha chukueni jembe la meno, mwende pamoja mpaka mahali mnapotaka kutoa nyasi, na mchimbe kabla hamjapiga kura.